Kumtafutia Bibi Kidawa Chake

Ko. Kimya. Halafu ko, ko.

Mpaka leo nausikia mlio ule. Ni milingoti ya mkonge iliyokauka, ile mirefu inayochomoza katikati ya majani mkonge ukishazeeka, ikigongana kwa juu. Lakini mtu akiusikia kwa mara ya kwanza, tena amesimama peke yake ndani ya shamba lililoachwa, hawezi kusema ni milingoti. Atasema kuna mtu anabisha mlango. Na mlango wenyewe haupo.

Mashoga zangu, tangu nimerudi mnaniuliza, "Salma, ilikuwaje huko Moa?" nami nacheka, nasema salama tu. Haikuwa salama sana. Nawaandikia nyote kwa pamoja ili nisiulizwe tena nikiwa nasuka kichwa cha mtu, maana nikianza kuisimulia mteja anaondoka na njia zilizopinda.

Kabla sijatoka Kigombe

Bibi mnamjua. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mnajua pia kwamba amekuwa mtu wa kusahau. Alianza na chumvi, akitia mara mbili kwenye mchuzi mmoja. Ikafuata njia ya kisimani, kisha sura zetu. Mimi alikuwa sasa ananiita "wewe dada", kwa adabu kabisa, kama vile nimepita kuuza vitumbua.

Hilo nililizoea. Nisilolizoea ni mchana. Jua likifika utosini Bibi anaanza kuhangaika, anapapasa mkeka, anatazama mlangoni. "Kidawa yuko wapi? Mnileteeni Kidawa wangu."

Basi tunamletea. Nyumba ni yetu watatu, Bibi, mimi na Mama Mdogo Zaina, aliyemfuata marehemu mama kwa kuzaliwa. Tukimpa kidonge cha presha, anakisukuma. Tukimpa maji ya habasoda, anayatema. Siku moja nilimpelekea hata ile dawa ya kuchua mgongo. Akakitazama kichupa, akanitazama mimi, machozi yakamtoka.

"Siye huyu," akasema. "Kidawa wangu."

Nikaona lugha nayo inamponyoka. Mtu anayesahau sura ya mjukuu wake, atakumbukaje kwamba kidawa ni "changu" na si "wangu"? Nilitaka kumsahihisha, Mama Mdogo akanishika bega. "Muache. Mpe kidonge alale."

Daktari wa Tanga mjini alishatuambia kwa upole kwamba akili ikianza kuondoka hana dawa ya kuirudisha. Tuilinde iliyobaki: presha isipande, alale vizuri, atembee kidogo, azungumzishwe. Nilimwelewa. Lakini mnanijua mimi na ndoto zangu. Mteja mmoja alinitajia mama wa Muheza anayeuza miti shamba ya kutunza akili za wazee, na tangu siku hiyo nikawa naota macho wazi. Najiona naingia ndani na kikombe, Bibi anakunywa, anafuta mdomo kwa ncha ya kanga, ananiambia, "Salma, mbona umekonda?" Basi. Sikutaka kitu kingine. Nilitaka Bibi apate hicho kidawa anachokililia, halafu anitaje jina.

Nilipoaga, nilidhani Mama Mdogo atanizuia. Hakunizuia. Alinifungia viazi vitamu kwenye mfuko akasema, "Nenda. Wala usifanye haraka kurudi."

Nikaona mama mdogo wangu ana moyo wa pekee.

Muheza, katikati ya machungwa

Huyo mama nilimpata kirahisi kuliko nilivyodhani. Anaitwa Mama Mhina, na meza yake iko nyuma ya malundo ya machungwa, imejaa magome na mizizi na vifuko vya unga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Wataka ya kupunguza tumbo ama ya nguvu za kiume?"

"Ya bibi yangu, mama."

"Bibi yako ataka nguvu za kiume?"

Wamenya machungwa wote wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Mmoja akanipa chungwa lenye chumvi na pilipili, akisema nile kwanza, aibu itashuka. Nilipomweleza Mama Mhina habari yenyewe, ndipo akaweka kisu chini.

"Kuna jani latambaa kwenye majimaji, la duara. Miye naliita kisikio, kwa sababu lafanana na sikio. Wazee wanalinywa ili akili isiwatoke mbio."

"Iliyokwisha kutoka, linairudisha?"

"Mwanangu, lingekuwa larudisha, ningelinywa miye nikumbuke nilikoweka funguo za banda." Akapekua vifuko vyake, akatikisa kichwa. "Limeniishia. Anayeniletea ni Bi Mwanasiti wa Moa, na safari hii hajaja wala hapatikani kwa simu."

Moa! Mimi nilikuwa sijavuka Tanga mjini kwa upande ule maisha yangu yote. Lakini ndoto ikishaniingia hainitoki. Mama Mhina akaniombea lifti kwa jirani yake, kaka mmoja wa Kisambaa aitwaye Elia, anayepeleka machungwa mpakani. Nikaketi juu ya kreti kungoja. Fuso ikapakiwa, ikapakuliwa kwa sababu tenga la chini lilikuwa limeoza, ikapakiwa tena. Nilikula machungwa mpaka midomo ikawasha. Kesho yake tulipoondoka, wapakizi walikuwa wameshaniita shemeji.

Kwenye Fuso ya Elia

Elia ni Mlutheri, anaimba tenzi za kanisani huku anaendesha, na sauti yake ni nzuri kuliko redio. Tulipoiacha Tanga nyuma akaniuliza, "Dada, unakwenda wapi na uso huo wa harusi?"

"Nakwenda kuchimba dawa, kaka."

Akaacha kuimba. "Sasa hivi?"

"Ee, ikiwezekana haraka. Bibi yangu anaingojea nyumbani."

"Bibi yako anaingojea?" Akanitupia jicho la wasiwasi, akarudisha macho barabarani. Akasema kwa heshima, "Basi vumilia tuvuke hizi nyumba. Kuna mahali pazuri hapo mbele."

Nikashangaa alivyojua habari za kisikio. Mara Fuso ikapunguza mwendo, ikasimama kando ya shamba la mkonge. "Haya dada, shuka. Mimi natazama upande huu mwingine."

Ndipo nikaelewa. Jamani! Na nyinyi mnajua, kwenye basi dereva akisema "chimbeni dawa" hakuna anayebeba jembe, watu wanaingia kichakani kujisaidia. Uso uliniwaka moto. Kumweleza niliona haya, kukataa niliona haya zaidi. Nikashuka, nikaingia mkongeni hatua chache, nisimame kidogo kisha nirudi.

Shamba lilikuwa limeachwa zamani. Majani ya mkonge yamesongamana na magugu, katikati kuna kuta za nyumba za wafanyakazi zisizo na paa. Jua lilikuwa utosini, sikuwa hata na kivuli changu. Upepo hakuna. Ndipo nikasikia: ko. Kimya. Halafu ko, ko. Nikatazama juu, milingoti imesimama wima, haigusani.

"Kidawa!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, tena karibu. Haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo lililonitisha baadaye. Ilikuwa sauti ya kumwita mtoto aje kula.

Nami nikageuka.

Nataka mnielewe hapa. Sikugeuka kwa kushtuka. Shingo ilijigeukia yenyewe, na mdomo ulikuwa umeshafunguka, ile "a" ya "abee" iko ulimini. Sijui ningeitika nini na kwa nani. Elia akapiga honi, nikakimbia, kanga yangu ikabaki imenasa kwenye mwiba. Sikuirudia.

Fuso ikaondoka.

"Ulikuwa na mwenzako mle?" akauliza Elia.

"Hapana."

"Nimesikia mtu anaitwa. Kidawa, Kidawa."

"Mimi ni Salma."

"Mbona ulipoitwa uligeuka?"

"Si ulisema unatazama upande mwingine?"

"Nilitazama upande mwingine mpaka niliposikia mtu." Akavuta pumzi. "Umegeuka kama mwenye jina, dada."

Akaanza tena kuimba, kwa nguvu sana, hata wapakizi waliolala juu ya machungwa wakaamka wakagonga paa.

Moa

Njia panda nikachukua bodaboda. Simu yangu ikaingiza ujumbe kunikaribisha Kenya, nikamwambia kijana wa boda, "Kaka, tumepotea!" Akacheka mpaka pikipiki ikayumba. Kumbe huko minara ya jirani inakuvuta hata ukiwa kwenu. Nikajaribu kumpigia Mama Mdogo, ikakataa.

Bi Mwanasiti nilimkuta anasonga bada, ugali wa muhogo. Ni mama mnene wa Kidigo, mcheshi, ana meno mawili ya mbele tu, na simu yake ilikuwa imeanguka kwenye ndoo ya samaki, ndiyo maana hapatikani. Hakuniuliza shida yangu mpaka nimekula. Ile bada na mchuzi wa nazi wa samaki taa, mashoga zangu, siwezi kuisimulia bila kumeza mate. Alinicheka ninavyokatakata matonge madogo. "Wala kama kuku wa mjini!"

Tulikwenda pamoja nyuma ya mikoko, mahali ambapo maji baridi yanatoka ardhini, akanionyesha kisikio kimetapakaa kwenye tope. Tukachuma tumeinama, tunasemezana mgongo kwa mgongo.

"Haya, sikudanganyi," akasema. "Yalinda kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi. Na vidonge vyake vya presha asiache, usije ukasema Mwanasiti kakwambia aache."

"Sitasema, bibi. Lakini nitakuwa nimempa kidawa chake. Kila siku adhuhuri anakililia."

"Asemaje?"

"Anasema, 'Kidawa yuko wapi? Mnileteeni Kidawa wangu.'"

Nikasikia mkono wake umeacha kuchuma.

"Wangu, ama changu?"

"Wangu. Lugha imemharibikia."

"Asema mkeka wangu uko wapi?"

"Ee."

"Asema kikombe changu kiko wapi?"

Nikafikiri. Asubuhi ya siku niliyoondoka, Bibi alikuwa amesema hivyohivyo: kikombe changu kiko wapi, mbona mwanipa cha mgeni. Sawasawa kabisa, bila kosa.

"Ee," nikasema, sauti ikiwa ndogo.

"Basi lugha yake nzima." Bi Mwanasiti akainuka, akafuta tope kwenye kanga. Hakucheka tena. "Dawa haina 'yuko', mwanangu. Dawa haiitwi 'wangu'. Bibi yako amwita mtu."

Nilisimama na majani yangu mkononi. Nikamhadithia ya mkongeni. Alisikiliza akitazama majini badala ya kunitazama mimi.

"Kidawa ni jina la kike, zamani likitumika sana huku pwani," akasema. "Kwenu yuko Kidawa?"

"Hakuna. Wala sijawahi kulisikia likitajwa nyumbani."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Mh," akasema. "Nyumba ambayo jina halitajwi hata mara moja, limekatazwa."

Akanifungashia majani kwenye kitambaa chenye unyevu, na asubuhi akanisindikiza mpaka barabarani. Nilipotaka kushukuru akaniziba mdomo kwa kiganja. Dawa haishukuriwi.

Kurudi

Nilipanda basi. Tulikaa sana mahali fulani ambapo gurudumu lilitoboka, abiria wakabishana na konda kama basi lina tairi la akiba au lina picha yake. Safari ikaendelea, na jua liliposimama juu dereva akapaki kando ya shamba lilelile la mkonge. "Chimbeni dawa haraka!" Watu wakashuka. Mimi nikajikunyata dirishani na kifurushi changu mapajani. Niliiona kanga yangu bado iko mwibani. Ilikuwa imekunjwa.

Mama aliyekaa pembeni yangu, mwenye kikapu cha vitunguu, akasema, "Hushuki, mwanangu? Mbona watetemeka? Waitwa nani?"

Nikakikumbatia kifurushi.

"Jina nalo lafikiriwa?"

"Salma," nikasema. Nililisikia likitoka mdomoni kama kiatu cha kuazima.

Karibu na Tanga simu ikapata mtandao. Nikapiga. "Mama Mdogo, Kidawa ni nani?"

Upande wa pili nilisikia jogoo wetu akiwika na sufuria ikiwekwa chini. Kisha simu ikakatwa. Nilipiga tena mpaka chaji ikaisha, haikupokelewa.

Nyumbani

Nilifika Kigombe siku ya pili yake kabla ya adhuhuri, kwa sababu jioni ile hapakuwa na gari, nikalala mjini kwa rafiki yangu aitwaye Mwaka. Mama Mdogo alikuwa uani anaparua samaki. Hakunyanyua uso.

"Nani kakutajia jina hilo?"

"Bibi. Kila siku. Wewe umekuwa ukisikia."

Magamba yakaendelea kuruka. Nikachuchumaa mbele yake, nikamshika mkono wenye kisu. Ndipo nikaona analia.

"Ni wewe," akasema. "Mama yako alikupa hilo. Ulizaliwa yeye mgonjwa, akasema huyu ndiye kidawa changu. Akafa, ukabaki nalo. Ulipoanza kutembea ukapata degedege. Kila adhuhuri mwili moto, halafu unainuka, unakwenda mlangoni. Tukikuuliza wapi, unasema, 'Naitwa.' Na hatusikii mtu. Siku moja tulikukuta umeshafika barabarani."

"Halafu?"

"Bibi yako akakubadilisha jina. Akatukusanya, akasema hili lisitajwe tena humu ndani, na siku mtu akimwita mtoto kwa jina hili, mjue si mtu. Homa ikakatika." Akajifuta pua kwa sehemu ya juu ya mkono. "Sasa yeye ndiye anayeita. Kasahau kila kitu, kasahau na makatazo yake mwenyewe. Nilijua siku ya kwanza, Salma. Nikawa nampa vidonge. Ulipotaka kwenda nikafurahi. Nikasema, angalau jina likiitwa halikukuti hapa."

Sikumwambia lilikonikuta.

Jua likapanda. Mama Mdogo alipoona kivuli cha mnazi kimejikunja shinani, akatupa samaki kwenye beseni, akajitanda.

"Kama utaitika mimi siwezi kuwepo," akasema. "Nisamehe, mwanangu." Akatoka kwa mlango wa mbele, akauacha wazi.

Ndani Bibi alikwisha kuanza kupapasa mkeka.

Nilisimama nyuma ya pazia. Mashoga zangu, mimi ni mwoga, mnajua, mjusi tu ananirusha kitandani. Na nilikuwa namjua Bibi aliyekataza kuliko ninavyomjua Bibi aliyesahau. Nikiitika, namtii yupi, namwasi yupi? Lakini nilifikiria siku zote zile mzee wa watu anaita, na sisi tunamletea chupa.

"Kidawa yuko wapi?" Sauti imeshachoka. "Kidawa wangu."

"Abee, Bibi," nikasema.

Nikaingia. Alinitazama toka miguuni mpaka kichwani, taratibu.

"Mbona umekuwa mrefu?"

"Nimekua, Bibi."

"Njoo."

Nikakaa mkekani. Akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Hakulia. Uso wake ulitulia kama maji yaliyochujwa. Nikadhani sasa ataniambia nimekonda. Akanivuta karibu, mdomo wake ukanigusa sikio.

"Usitoke," akaninong'oneza. "Nimekutafuta nikwambie. Kuna mtu nje anakuita, anaigiza sauti ya mama yako. Usimwitike. Kaa hapa na mimi mpaka jua lipinde."

"Sitatoka, Bibi."

"Wewe ni Kidawa wangu."

"Ndiyo, Bibi. Wako."

Akaniegemea begani, na hata sijakaa sawa, akawa amelala. Mkono wake ukalegea, nikautoa kidole kimoja kimoja. Kisikio kilikuwa bado kwenye kitambaa chake, nitakichemsha jioni, kilinde kilichobaki. Nje palikuwa kimya, hata kuku hawalii. Mlango wa mbele uko wazi kama Mama Mdogo alivyouacha, na mwanga mweupe umeingia mpaka katikati ya sakafu.

Nikainuka mwenyewe, bila kuitwa, nikaenda bila kutazama nje, nikaufunga.